Juu ya Asili ya Jina Phaneuf

Wako watu wadhanio ya kuwa asili ya jina la ukoo hujulikana kwa kulikata vipande na kukitafutia kila kipande maana yake katika kamusi. Njia hiyo twaikataa, na sababu zetu twazionyesha katika jina moja la Wakanada wasemao Kifaransa, yaani Phaneuf.

Mwenye kulitazama jina hili atauona mwisho wake, neuf, ambao kwa Kifaransa maana yake ni “mpya”, tena ni “tisa”. Huenda akaridhika, akaanza kutafuta kijiji cha Ufaransa alikotoka babu wa ukoo huo. Amekwisha kupotea, maana babu huyo hakutoka Ufaransa.

Mwaka 1704, wakati wa vita vya Wafaransa na Waingereza, kijana Matthias Farnsworth alitekwa huko Groton, katika Massachusetts, akapelekwa Montréal. Januari 1706 akabatizwa, na jina lake likaandikwa Farneth. Mwaka 1713 akamwoa Catherine Charpentier, na wazao wao ndio waitwao Phaneuf. Badiliko hilo lina sababu yake. Sauti ya th haimo katika Kifaransa. Ulimi wa wenyeji ukatia f mahali pake, na r ya katikati ikapotea. Padre naye aliandika kama alivyosikia.

Wala sisi tusiwacheke wakosao. Neno letu meza tulilipata kwa Wareno, wasemao mesa. Lakini asiyejua habari hiyo aweza kushikilia ya kuwa latoka katika kumeza, kwa kuwa chakula huwekwa juu yake. Maana yafaa, bali asili siyo hiyo.

Basi ushahidi hutafutwa katika vitabu vya parokia, viandikavyo ubatizo, ndoa na maziko. Padre Cyprien Tanguay alivitumia kutunga kamusi yake ya koo za Kanada, juzuu 7, zilizotoka kati ya 1871 na 1890. Kazi hiyo twaiheshimu sana. Hata hivyo ina makosa, na waliomfuata, kama René Jetté katika kamusi yake ya 1983, walisahihisha mengi. Kwa hiyo kila kizazi hakina budi kuthibitishwa kwa hati yake. Hata jina lililoandikwa sawasawa laweza kudanganya: Pierre Hudon aliitwa pia Beaulieu, na wazao wake wengine ni Hudon, wengine Beaulieu. Nani angewatambua kuwa ni ndugu kwa kuyasikia majina tu?

Hati ya ubatizo wa Matthias yataja Groton, na mamaye, Sara Nutting. Kijana huyo alipoteza nyumba yake, dini ya wazazi wake na lugha yao; hata jina likageuka. Mstari ule wa padre ndio uliowahifadhia wazao wake njia ya kufika kwao. Mwenye kubahatisha kwa neuf huiziba njia hiyo, na kuwanyima watu mama yao.