Durand-Ruel wa Paris: Dalali au Tajiri?

Mtu anayenunua picha kwa wachoraji na kuziuza, tumwiteje kwa Kiswahili? Wanafunzi wetu hujibu upesi: dalali. Jibu hilo hatulikubali, na hoja yetu tunaitoa katika historia ya nyumba ya Durand-Ruel. Dalali hupata ujira juu ya mali ya mwingine. Soko likianguka, hupoteza ujira tu. Paul Durand-Ruel (1831-1922) alinunua kwa fedha zake, na mara nyingi kwa fedha za mkopo, picha zisizotakiwa na mtu.

Biashara aliirithi. Wazazi wake walikuwa na duka la karatasi na vifaa vya uchoraji, nalo jina la duka likaunganisha la baba, Durand, na la mama, Ruel. Paul alilishika mwaka 1865. Vita vya Ufaransa na Prussia, mwaka 1870, vilimkimbiza hadi London, na huko akakutana na Monet na Pissarro, wakimbizi kama yeye. Mwaka 1872 alinunua picha 23 za Manet kwa faranga 35,000. Mwaka 1876 kundi lililoitwa Waimpresionisti lilifanya onyesho lake la pili katika duka lake.

Neno la zamani, tajiri, lamfaa zaidi: kwa asili yake ya Kiarabu ni mfanyabiashara, na katika matumizi yetu ni mwenye mtaji ambaye wengine humfanyia kazi. Maana hii ya pili tusiifiche. Durand-Ruel alitaka awe mnunuzi wa pekee wa wachoraji wake. Aliwapa fedha za matumizi, akapandisha bei mnadani ili majina yao yasishuke, akawafanyia maonyesho mmoja mmoja, kama mwaka 1883. Mbinu hizo zilimlisha mchoraji, na zilimfunga pia. Monet alilitambua hilo, akaanza kumwuzia mshindani, Georges Petit. Sisi hatumwiti mkosa shukrani.

La ajabu ni kwamba mtetezi huyu wa rangi mpya alikuwa Mkatoliki thabiti na mpenda ufalme, hali Pissarro, ambaye picha zake alizinunua kwa mamia, hakutaka serikali ya namna yoyote! Nyumbani kwake, rue de Rome, milango ya sebule ilichorwa na Monet mwenyewe, na wageni walikaribishwa kutazama. Ilikuwa vigumu kujua nyumba inaishia wapi na duka linaanzia wapi.

Benki ya Union Générale, nguzo ya mikopo yake, ilipoanguka mwaka 1882, madeni yalimfika shingoni. Marekani ndiyo iliyomwokoa. Mwaka 1886 alionyesha New York picha zipatazo 300, kisha akafungua tawi huko na kulitia mikononi mwa wanawe, Joseph, Charles na Georges.

Wana waliulinda urithi kwa uaminifu, na kwa maoni yetu uaminifu huo ndio uliowachelewesha. Onyesho la kwanza la Cézanne peke yake, mwaka 1895, lilifanywa na Vollard, katika mtaa uleule wa Laffitte walimokuwa wao. Picasso na Braque walimpata Kahnweiler, aliyefungua duka lake mwaka 1907. Ukoo wa Durand-Ruel uliendelea kuuza hasa kile alichokusanya baba, hadi duka la New York lilipofungwa mwaka 1950, na la Paris mwaka 1974.