Joto Linaloruka na Joto Linalopanda

Ukitafuta fundi wa laptopu Kahama, Geita au Shinyanga mjini, usimpime kwa ukimya wa feni. Feni hunyamaza kwa sababu mashine imepoa, na hunyamaza vilevile kwa sababu mtu ameipunguza kasi kwenye mipangilio huku prosesa ikiendelea kuchemka. Ubora wa kazi yake unaonekana katika namna joto linavyopanda mashine inapobanwa, na hilo mteja anaweza kuliona kwa macho yake kabla hajalipa.

Fundi makini hupima kabla hajagusa bisibisi. Hufungua programu ya kusoma joto, HWiNFO au Core Temp, kisha huipa mashine kazi ya kuichosha. Kazi za namna hiyo huku kwetu zipo: mjiolojia anazungusha picha ya mwamba na mashimo yake kwenye skrini, kijana wa studio anahariri video ya wimbo wa Kisukuma inayotakiwa jioni ileile. Prosesa nyingi za laptopu zina kikomo cha karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Zikikikaribia hujipunguzia kasi zenyewe zisiungue, na mwenye mashine akiona kazi inaburuta hudhani ni virusi.

Sasa tazama namba. Zikiruka kutoka 50 hadi 95 ndani ya sekunde mbili tatu, mara nyingi kasoro ipo pale chipu inapogusana na shaba: pesti ya kupitisha joto imekauka, au bamba la shaba halijakaa sawasawa. Joto linazaliwa na kukosa njia ya kutokea. Zikipanda taratibu, dakika tano, dakika kumi, na hewa inayotoka ubavuni ni haba, basi pesti bado inafanya kazi na kilichoziba ni mapezi ya kutolea joto. Angalia pia viini vya prosesa kimoja kimoja. Kimoja kikivizidi vingine kwa nyuzi 15 wakati vyote vinabeba mzigo uleule, mara nyingi bamba limeegemea upande mmoja. Fundi anayeweza kukusomea haya kabla ya kufungua kifuniko ndiye wa kumwachia mashine. Anayesema “tutabadilisha pesti” kwa kila laptopu inayowekwa mezani anabahatisha.

Mapezi yanahitaji maneno zaidi, maana vumbi la ukanda huu lina tabia zake. Dhahabu ya Geita na Bulyanhulu imelala katika miamba yenye chuma na mishipa ya kwatzi, na makarasha ya wachimbaji wadogo husaga mawe hayo yakawa unga. Kwatzi ni ngumu kuliko vyuma vingi, kwa hiyo unga wake hauishii kuziba, hula na mhimili wa feni mpaka ianze kukwaruza. Shinyanga kuna kingine: pamba. Msimu wa kuuza ukianza, kwa kawaida mwezi Mei, nyuzi zake huruka kutoka kwenye malori na viwanda vya kuchambulia. Nyuzi hunasa kwenye mlango wa mapezi, vumbi hunasa kwenye nyuzi, na baada ya msimu mmoja wa kiangazi unapata utando mzito kama blanketi, umejibanza kati ya feni na mapezi. Ukimulika tochi kwa nje huuoni.

Ndiyo maana kupuliza kwa blowa kutoka nje hakuhesabiki kuwa usafi. Upepo unausukuma ule utando nyuma kidogo, mashine inapata nafuu, kisha feni inaurudisha palepale. Kazi ya kweli ni kuitoa feni, kuung’oa utando mzimamzima, na kuusugua mlango wa mapezi kwa brashi laini. Omba uonyeshwe kilichotoka. Na uangalie mkono wake anapopuliza: lazima aishike feni isizunguke, kwa sababu upepo wa blowa huizungusha kwa kasi kuliko ilivyoundwa na kuumiza mhimili. Anayepuliza kwa kompresa ya gereji, nyanyua mashine yako uondoke. Hewa ile hubeba maji na mafuta.

Kwenye pesti watu wengi hutazama bei ya tyubu, na mimi nadhani wanatazama pasipo. Pesti nyeupe ya bei nafuu iliyopakwa vizuri huishinda ya gharama iliyopakwa vibaya, ingawa haidumu, hasa ikiwa nyepesi. Chipu ya laptopu kwa kawaida haina kofia ya chuma kama ya kompyuta ya mezani; ni kipande kitupu cha silikoni, na kila inapopata moto na kupoa pesti nyepesi husukumwa pembeni kidogo kidogo. Taka pesti nzito, itandazwe nyembamba mpaka ifunike chipu yote na pembe zake. Ya zamani iondolewe kwa alkoholi ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi; thina na petroli havikaribishwi mezani. Metali ya maji, ile inayopakwa badala ya pesti, ikatae. Galiamu iliyomo hula alumini, hupitisha umeme, na laptopu inayobebwa kwa bodaboda kutoka Katoro hadi Geita mjini haifai kuwa na tone la kitu hicho karibu na bodi.

Kisha pedi, vile vipande laini vinavyokaa juu ya kumbukumbu ya kadi ya michoro na chipu za njia za umeme. Hapa ndipo namtofautisha fundi na mpakaji. Pedi ya milimita 1 ikiwekwa mahali pa nusu milimita hulinyanyua bamba zima, na pesti hata iwe bora namna gani haitagusa. Fundi mzuri hupima ile ya zamani kabla ya kukata mpya. Skrubu za mabamba mengi zimeandikiwa namba; hukazwa kwa kufuata namba hizo, kila moja kidogo kidogo, kwa mizunguko miwili au mitatu. Bomba la shaba lisikunjwe wala kubonyezwa. Ndani yake mna kimiminika kidogo kinachogeuka mvuke upande wa chipu na kurudi maji upande wa mapezi, na bomba lililobonyea huacha kufanya hivyo hata kama kwa nje linang’aa.

Stendi ya feni za chini husaidia mashine inayovuta hewa kwa tumboni, si nyingine. Kuiinua laptopu kwa vitabu viwili husaidia karibu sawa.

Kuna jambo la mwinuko pia. Shinyanga na Geita ziko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya pwani, na feni ileile hubeba joto pungufu kwa karibu kiasi hicho. Kwa hiyo usilinganishe namba zako na za rafiki aliye Tanga. Linganisha mashine na yenyewe: chumba kilekile, saa ileile, kazi ileile, kabla na baada. Mwambie fundi aandike namba zote mbili kwenye risiti, na urudie kipimo hicho mvua za Novemba zikianza, vumbi la kiangazi likiwa limeshaingia lote.