Nani Anamhakiki Mhakiki?

Kiswahili kina neno moja, kuhakiki, linalofanya kazi mbili: kuthibitisha kwamba kitu ni halisi, na kusema kina thamani gani. Sijaona mahali kazi hizo zinakorogana kama kwenye biashara ya Wamarekani ya kadi za wachezaji zilizotiwa saini.

Mambo huenda hivi. Una kadi ya besiboli, staa ameitia saini. Unaituma kwa kampuni kama PSA na unalipa. Wakaguzi wanaangalia kona, kingo, uso wa kadi, na kama picha imekaa katikati. Saini nayo inalinganishwa na zile zinazojulikana: herufi zinavyoungana, kalamu ilivyokandamizwa, mahali mkono ulisita. Kisha kadi inafungiwa ndani ya plastiki ngumu yenye lebo, tuseme kadi 8, saini 10.

Hebu soma hiyo 10 vizuri. Haisemi saini ni ya kweli zaidi ya nyingine; inasema wino haujafifia wala kupakaa. Kwa hivyo staa akikusainia mbiombio kwa kalamu inayokauka, saini yako ni halali kabisa, lakini alama zinashuka. Tulianza tukitafuta mkono wa mtu, tukaishia kununua usafi wa wino.

Sisemi wakaguzi hawana kazi. Mwaka 1999 FBI ilivamia genge la kughushi saini huko California. Genge hilo lilikuwa na hadi mipira ya besiboli yenye “saini” ya Mother Teresa. Noma!

Lakini nani anamhakiki mhakiki? Kadi ya kwanza PSA kuipa alama, mwaka 1991, haikuwa na saini: ilikuwa ya Honus Wagner, ikapata 8. Mwaka 2013, Bill Mastro, muuzaji aliyewahi kuimiliki, alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo. Kwa kanuni za kazi hiyo, kadi iliyokatwa haistahili namba yoyote. Bado ikabaki na 8 yake, ndani ya plastiki.

Hapo ndipo ninapogoma. Mhakiki wa riwaya akiniambia kitabu ni kibovu, anadaiwa sababu. Nitazisoma, nitabishana naye, pengine nimwonyeshe ukurasa alioruka. Lebo haina sababu hata moja. Ni maoni ya mtu nisiyemjua, yamevaa nguo za hesabu, na watu wanayalipia mamilioni ya dola. Mimi ningeomba aya moja tu ya maelezo.