Mikato 168 ya Ishango

Namba 168 ina ukarimu wake. Inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 7, 8, 12 na 14 bila baki. Vigawo vyake vyote, kuanzia 1 hadi yenyewe, ni 16. Ndiyo idadi ya saa za wiki nzima. Tena ukihesabu namba tasa zote zilizo chini ya 1000, utapata 168 kamili.

Huko Ishango, wilayani Beni, mahali Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, kuna mtu aliyechonga mikato 168 kwenye mfupa, yapata miaka 20,000 iliyopita. Mbelgiji Jean de Heinzelin aliufukua mwaka 1950, na leo umehifadhiwa katika makumbusho ya sayansi asilia mjini Brussels. Sidai kwamba mchongaji huyo alizijua namba tasa hadi 1000. Kazi ya mkono wake inatosha.

Mfupa wenyewe una urefu wa sentimita 10 hivi, na nchani umepachikwa kipande cha jiwe la kwazi. Mikato imepangwa kwa safu tatu. Safu mbili zina mikato 60 kila moja, ya tatu ina 48. Piga hesabu: mikato 60 kwenye milimita 100 maana yake kila mkato, pamoja na nafasi yake, haupati hata milimita 2. Na bado aliacha mapengo kati ya fungu na fungu, hata sisi tunaweza kusoma. Mfupa haufutiki. Mkono ukiteleza ukakata mara moja zaidi, 19 imekuwa 20 milele.

Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19: namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, bila kuruka hata moja. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9, yaani kumi na ishirini, kila moja ikiongezwa moja na kupunguzwa moja. Ya tatu inaanza kwa 3 na 6, kisha 4 na 8, halafu 10 na 5. Hapo kuna anayeona kuzidisha kwa mbili na kugawa kwa mbili. Zinafuata 5 na 7, ambazo hazifuati mtindo huo.

Mtafiti Alexander Marshack aliona humo kalenda ya mwezi, ya miezi sita. Mimi nasita. Miezi miwili ya angani ni siku 59 hivi, si 60. Miezi sita ni siku 177 hivi, si 168. Namba tasa nazo huenda zimejitokeza kwa bahati, kwa kuwa mtu hawezi kuzitambua bila kwanza kujua kugawanya. Kilicho wazi kwangu ni mpangilio: aliyechonga alijua fungu linaishia wapi, akaanza lingine.

Mwalimu wa Butembo, mji usio mbali na Ishango, anayefundisha namba tasa ana mfano wa karibu. Awape wanafunzi kokoto 168, wazipange safu 12 za kokoto 14, kisha 8 za 21, kisha 7 za 24. Halafu awaachie 17 tu, wajaribu kuzipanga safu sawasawa.