Msimulizi Anaponyamaza: Filamu za Wanafunzi na Kiswahili cha Mwambao wa Rumonge

Filamu fupi za wanafunzi katika ukanda wetu zina ugonjwa mmoja. Picha inaonesha ziwa, mitumbwi na wanawake wanaoanika samaki. Mara inaingia sauti nzito ya msimulizi, kwa Kiswahili fasaha, ikitueleza kwamba hilo ni ziwa, hiyo ni mitumbwi, na wale ni wanawake wanaoanika samaki. Makala haya yanadai kwamba sauti hiyo ndiyo inayomzuia mwanafunzi kujifunza ufundi wa filamu. Aidha, inaficha lugha ambayo sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili tungependa kuisikia.

Mtindo huu una historia ndefu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa filamu za mafunzo uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment ulikuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Filamu zake zilipigwa bila sauti, na maelezo yalirekodiwa katika sahani za santuri na kuchezwa wakati wa maonesho. Mwafrika alionekana akilima au akitibiwa, lakini aliyesikika ni mtu mwingine. Miaka mingi imepita tangu hapo, na leo simu ya mkononi hurekodi picha na sauti kwa pamoja. Hata hivyo mpango ni uleule: mmoja aonekane, mwingine aseme.

Sinema ya Burundi yenyewe inatuonesha njia nyingine. Katika Gito l'ingrat (1992), filamu ndefu ya kwanza ya nchi hiyo, mwongozaji Léonce Ngabo anamleta kijana aliyesoma Paris akirudi nyumbani na ndoto za uwaziri. Kazi haipati, na ahadi alizowapa wanawake wawili zinamgeukia. Majivuno ya Gito tunayafahamu kwa yale anayotenda na anayoyasema, na adhabu yake inatoka kwa wale aliowadanganya. Na Wewe (2010), filamu fupi ya Mbelgiji Ivan Goldschmidt iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2011, inasimamisha basi dogo njiani Burundi mwaka 1994. Wenye silaha wanawaamuru abiria wajitenge kwa kabila, na majibu ya abiria yanaufanya utengano huo uonekane upuuzi. Hoja nzima imo katika mazungumzo. Angewekwa msimulizi wa kulaani ukabila, filamu ingegeuka hotuba.

Sasa tuichukue kamera hadi Rumonge, mji wa mawese na samaki ulio kusini mwa Bujumbura, ambako Kiswahili na Kirundi huishi nyumba moja. Tuseme mwanafunzi amepewa zoezi la filamu ya dakika tatu kuhusu uanikaji wa ndagala, kwa sharti moja tu: msimulizi haruhusiwi. Papo hapo maswali ya ufundi yanaanza. Bila picha ya karibu ya mikono ikitandaza samaki mchangani au juu ya kichanja, mtazamaji hataelewa kazi yenyewe. Bila picha ya mbali, hatajua kazi hiyo inafanyika wapi. Picha zikipangwa ovyo, samaki watakauka kabla ya kuvuliwa!

Nuru nayo ina somo lake. Rumonge iko ufuoni mashariki mwa ziwa. Alfajiri jua huchomoza nyuma ya milima, upande wa nchi kavu; likishaipita milima huwaangaza usoni wavuvi wanaorudi kutoka majini. Jioni huzama ng'ambo, upande wa Kongo, na mtumbwi unaotoka kwenda kuvua huonekana kivuli cheusi juu ya maji yanayong'aa. Mwanafunzi aliyezoea kumtegemea msimulizi hurekodi saa yoyote, kwa kuwa maneno yatafidia. Asiye na msimulizi hana budi kuamua anataka uso au kivuli, na kuamka mapema ikibidi.

Sauti ni ngumu zaidi. Upepo wa ziwa hupiga maikrofoni na kumeza maneno, hivyo mrekodi lazima amsogelee msemaji, aikinge maikrofoni kwa kitambaa, na kwanza kabisa azoeane na watu. Hapo ndipo Kiswahili chenyewe kinapojitokeza. Msimulizi wa sanifu angesema “dagaa”. Mwanamke anayeuza anasema “ndagala”. Samaki ambaye Kigoma huitwa mgebuka, kwa Warundi ni mukeke. Tofauti hizi ni ushahidi wa lugha inayofanya kazi, na msimulizi huzifuta zote kwa sentensi moja iliyonyooka.

Wapo watakaopinga kwamba mtazamaji wa Mombasa au Unguja hatawaelewa watu wa Rumonge. Dawa yake ni maandishi chini ya picha, na hili ni zoezi la pili kwa darasa la lugha: kunukuu yaliyosemwa kama yalivyosemwa, kisha kuyafasiri kwa sanifu bila kuyasahihisha. Wengine watasema kwamba usimulizi ni urithi wetu tangu ngano za jadi. Ni kweli, lakini fanani wa ngano huigiza sauti za fisi na za sungura, huimba, na hadhira humjibu. Msimulizi wa filamu za wanafunzi hamwachii yeyote nafasi ya kujibu.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na tangu mwaka 2009 Bujumbura ina tamasha lake la filamu, FESTICAB. Milango ya kuonesha kazi ipo. Tunachopendekeza kwa walimu wenzetu ni kigezo kimoja cha kusahihishia filamu za wanafunzi: zima sauti ya msimulizi, kisha itazame kazi upya. Kinachobaki kikieleweka, mwanafunzi amejifunza filamu. Na kama watu waliomo ndani yake wanasikika wakisema kwa lugha yao wenyewe, basi amejifunza Kiswahili pia.