Kabla ya Kugawanya

Mhasibu ninayemsema ni mama mwenye ofisi ya chumba kimoja mjini Sumbawanga. Ukimpelekea mizania hagusi kalkuleta kwanza. Anachukua penseli, anatafuta tarehe. "Imefungwa lini hii?"

Huku Ufipa mahindi huvunwa kati ya Mei na Julai. Kampuni ya nafaka ikifunga hesabu 30 Juni, ghala limejaa hadi mlangoni. Ikifunga 31 Desemba, mvua zimeshaanza, ghala linapwaya, na mkopo wa mbolea ndio kwanza umeingia vitabuni. Kampuni ni ile ile, sura mbili, na zote za kweli.

Siku niliyokaa pembeni, alikuja mnunuzi wa nafaka mwenye lori na mashine ya kusaga. Mahindi ghalani shilingi milioni 60, wadaiwa milioni 22, fedha taslimu na za benki milioni 8. Jumla milioni 90, dhidi ya madeni ya milioni 45 yanayotakiwa kulipwa ndani ya mwaka. Alishagawanya mwenyewe akapata 2, na alikuwa anatabasamu.

"Haya kaka, tuyatoe mahindi kwanza."

Zikabaki 30 kwa 45, yaani 0.67. Kipimo hiki wahasibu hukiita cha tindikali, jina la kazi ya masonara, wanaoijaribu dhahabu kwa tindikali. Kisha kidole kikashuka kwenye orodha ya wadaiwa, jina kwa jina. Milioni 10 zilikuwa za mteja mmoja ambaye misimu miwili imepita hajalipa hata shilingi. Akazipiga mstari. 20 kwa 45: 0.44. Tabasamu likaondoka.

Kugawanya hata mtoto wa darasa la tano anaweza. Ninachokihusudu ni ule uvumilivu wa kukiuliza kila kiasi kama kweli ndicho kinachojiita.

Akahamia kwenye uzito wa deni. Lori na mashine milioni 110, kwa hiyo mali zote 200. Madeni yote, pamoja na mkopo wa miaka mingi, 100. Mtaji wa mwenyewe 100. Moja kwa moja, sawasawa. Lakini zile milioni 10 zikishafutwa, mtaji unabaki 90 na uwiano unapanda hadi 1.11. "Na bei ya mahindi ikishuka theluthi?" Milioni 20 nyingine zinatoka, mtaji unakuwa 70, uwiano 1.43. Deni halijaongezeka hata senti. Kilichopungua ni mgongo wa kulibebea.

Nilidhani amemaliza, kumbe bado alikuwa na deni la haki kwa mahindi. Kuyatoa yote kwenye hesabu ni kuyaonea, maana huku gunia si samani: Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake Sumbawanga, na malori ya wafanyabiashara hayakosekani. Ila mahindi hununulika yakiwa makavu. Kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu unyevu uzidi asilimia 13.5.

"Magunia mangapi yamekauka?"

Bwana yule akatoa mfukoni punje kadhaa, akazimwaga juu ya mizania. Mama akachukua moja, akaitia kati ya magego, akauma. Ilipasuka kwa mlio. Akachukua ya pili. Hiyo ililainika tu. Akaandika pembeni ya milioni 60, kwa penseli: nusu?