Kungoja na Nyakati za Vitenzi katika Wimbo wa "Rosas"

Wahakiki wa fasihi aghalabu huzipuuza nyimbo za vijana kwa hoja kwamba lugha yake ni nyepesi na hisia zake ni za sokoni. Wimbo wa Kihispania uitwao "Rosas", yaani Mawaridi, uliotolewa mwaka 2003 na bendi ya La Oreja de Van Gogh ya mji wa San Sebastián, unaitia hoja hiyo mashakani. Kisa chake ni cha kawaida mno: mwanamke aliyeachwa bado amngoja mpenziwe, kila Ijumaa alasiri, mahali alipozoea kupita. Lisilo la kawaida ni jinsi sarufi inavyoubeba uchungu huo.

Kiitikio huanza kwa wakati uliopita usiotimilika. Mwanamke alikuwa akingoja, uso umelowa machozi, mpenzi afike na mawaridi elfu. Kufika huko kumetiwa katika umbo la matakwa la wakati uliopita, umbo lisilosema kama mtu alikuja wala kama hakuja, ila laurudisha utarajiwaji wake nyuma, pamoja na kungoja kwenyewe. Kiswahili chatumia kiishio -e, nacho hakina wakati. Mtu asemapo "nilingoja uje", kungoja kumepita lakini kuja kungali wazi. Hivyo tafsiri ya Kiswahili, hata iwe aminifu vipi, humpa mwanamke huyu matumaini zaidi ya aliyopewa na asili. Na papo hapo wimbo wenyewe wageuka: vitenzi vyaingia wakati uliopo, naye akiri kwamba maisha yake yangali yakimponyoka katika kuwaza. Yaliyozikwa na kitenzi cha kwanza yafufuliwa na cha pili.

Jambo jingine ni maumbo ya kudogosha. Kihispania hutumia -ito na -ita kwa huba, na pengine kwa kebehi. Uso wa mwanamke umedogoshwa kwa kujihurumia. Macho ya buluu ya mpenzi mpya, ambaye hatajwi ila kwa macho hayo, yamedogoshwa pia, na hapo huba haipo. Mfasiri akiyaita "vijicho" atakuwa ameangukia, bila ya kukusudia, neno ambalo Waswahili hulitumia kwa husuda. Ni ajali njema, kwani yataja lile msemaji analolificha.

Si kila taswira ina uzito. Jua linalopiga miayo ni pambo tu, na wimbo haungepungukiwa lau lingeondolewa.

Penye nguvu zaidi ni mwisho wa kiitikio, ambapo tumaini lapewa kinywa. Halimliwazi mwanamke wala halimwahidi kitu. Lamwamuru atulie, kwa kuwa huenda ikawa leo. Amri hiyo ni kivumishi kimoja chenye kiishio cha kike, kana kwamba tumaini lamjua kwa jinsia yake na kumfunga yeye peke yake. "Tulia" ya Kiswahili yaweza kuambiwa mtu yeyote.